Vidole Kumi na Kimoja

Jumatatu, 8 Mei 1972

Muhula wa pili umefunguliwa na mimi nimepata meza. Naanza na meza kwa sababu mengine yote ni yale yale: matope, watoto arobaini na watatu wa darasa langu la saba, na Mwalimu Bosire wa darasa la sita amefika nusu saa baada ya kengele akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Meza ilikuwa ya banda la kupimia majani ya chai pale chini barabarani. Ni ile ndefu ambayo akina mama humwagia chai yao kabla ya kupimwa, karani akapekua, akatupa majani yaliyokomaa, akabakiza majani mawili na kichipukizi. Banda limepata meza mpya. Gekara, huyo karani, akaniuliza kama nataka ile ya zamani niipasue kuni. Kuni! Nimeiweka nyuma ya darasa. Ina madoa ya kijani ambayo hata majivu hayakuyatoa.

Hedimasta, Mwalimu Alexander Chepyegon, alikuja kuitazama. "Elmina, unafungua kiwanda?"

Nikamweleza mpango wangu. Kila asubuhi hesabu tatu ubaoni. Anayepata zote anachukua kadi za kazi, zile nilizoandika likizo nzima mpaka mkono ukaniuma. Anayekosa anakuja mezani, tunaanza upya kwa maharagwe na vijiti. Na haondoki mezani kwa kusema ameelewa. Anaondoka siku atakapomfundisha mwenzake hesabu ile ile huku mimi nasikiliza.

Akacheka kwa ile sauti yake ya kanisani. "Wewe ulikuwa mtoto wa meza kabla meza haijapatikana."

Najua alichokumbuka. Nilikuwa binti wa wachuma chai kutoka Kisii, nimezaliwa kwenye nyumba za kampuni, na darasa la nne lilinikuta sijui kugawanya. Baba alikuwa amekwisha kuninunulia kikapu cha kuchumia. Mwalimu Chepyegon akanibakiza kila alasiri, miezi minne, yeye na mimi na kopo la maharagwe. Cheti changu cha ualimu kina jina langu, lakini mimi najua ni cha nani.

Jumatano, 10 Mei

Mvua saa nane kamili. Mabati yakapiga kelele hata nisisikie sauti yangu mwenyewe. Nimebadilisha ratiba: mambo ya mdomo yote asubuhi, mambo ya kalamu yote baada ya saa nane. Miaka yote hii tumekuwa tukishindana na mvua kupiga kelele, wajinga sisi.

Ijumaa, 12 Mei

Mezani: kumi na wanne. Nimeanza daftari la Ijumaa. Naandika nani yuko mezani na kwa sababu gani, ili Jumatatu nijue pa kuanzia.

Ijumaa, 19 Mei

Mezani: kumi na wanne tena, lakini si wale wale. Watatu wametoka, watatu wameingia.

Jumanne, 23 Mei

Kimutai ameulizwa nusu ya nusu ni nini, akasema ni mtoto wa nusu. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwita mezani.

Anayenikosesha raha ni Chemutai. Ana miaka kumi na mitano, anakaa kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe bila kubisha. Sehemu zinamshinda. Ukimwekea robo na theluthi pamoja anatazama dirishani. Leo mama yake, Rebeccah, alinisimamisha njiani akiwa na kikapu mgongoni.

"Mwalimu, huyu mtoto iko namna ya kupita?"

Nikamwambia iko namna.

"Mjomba yake ya Mulot ndiyo inalipa karo. Amesema mwaka hii tu. Akipita mtihani ya Novemba, atampeleka sekondari. Asipopita, basi. Atakuja huku kwa majani na mimi." Akanionyesha vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai. "Mimi sitaki hii vidole kwa yeye."

Nilimwambia, tena nakumbuka maneno yangu yote: "Mama Chemutai, niachie mimi."

Ijumaa, 26 Mei

Mezani: kumi na watatu.

Ijumaa, 2 Juni

Mezani: kumi na wawili. Bosire alichungulia mlangoni, akatazama maharagwe yangu. "Bonareri, dada yangu, unapika saa ngapi?" Watoto wake walikuwa wanaimba. Kila nikipita darasa la sita wanaimba. Madaftari yao yamelala dirishani bila kusahihishwa, na mwenyewe anaota jua kama mjusi. Mtu kama huyu anapokea mshahara sawa na wangu. Tena zaidi, kwa kuwa ni mwanamume.

Ijumaa, 9 Juni

Mezani: kumi na mmoja.

Hedimasta alikaa darasani asubuhi nzima. Alimwona Chepkorir akimfundisha Kimutai asilimia kwa maganda ya mahindi. Alipotoka, macho yake yalikuwa yamelowa, sidanganyi. "Mwaka jana wamepita tisa tu," akasema. "Tisa, Elmina. Nimesimama mbele ya wazee wa kamati nikiwa na tisa. Miaka mitano nimesimama hivyo." Akaomba daftari langu la Ijumaa alisome mwisho wa juma. Nikampa kwa furaha. Nani hapendi kazi yake isomwe?

Jumatatu, 12 Juni

Hedimasta ana wazo zuri sana. Watoto wa mezani wabaki mpaka saa kumi na moja kila siku kwa masomo ya ziada, lakini wazazi wakubali kwanza, maana saa hizo ndizo za kukamua ng'ombe na kuteka maji. Akanipa karatasi nyeupe kubwa. Majina kumi na moja ameyaandika mwenyewe kutoka daftari langu, na mbele ya kila jina nafasi ya mzazi kuweka kidole. Juu hakuna kitu.

"Kichwa nitapiga taipu," akasema. "Utepe wa taipureta umekwisha, wanatuletea kutoka mjini. Wewe chukua vidole kwanza. Kesho ni siku ya kupima majani bandani, utawapata wote mahali pamoja."

Hilo la siku ya majani ningeliwaza mimi mwenyewe.

Jumanne, 13 Juni

Nimepata vidole vyote kumi na kimoja kabla mvua haijashuka.

Kazi ilikuwa rahisi mno. Pale bandani mama anamwaga majani, Gekara anapekua, anapima, anaandika kilo, anageuza kitabu, na mama anaweka kidole. Hakuna anayeuliza. Wamefanya hivyo tangu chai ilipoanza huku. Nilisimama mwisho wa foleni, Gekara akaniazima kibweta chake cha wino, na mama aliyetoka kuweka kidole kwenye kitabu chake alikiweka kwenye karatasi yangu kabla wino haujakauka.

Rebeccah peke yake aliuliza. "Hii ni ya nini, Mwalimu?"

"Ni ya Chemutai kufundishwa zaidi, saa za jioni."

"Basi niweke zote mbili," akasema, na wote wakacheka. Nikamwambia kimoja kinatosha. Mimi nikatia sahihi chini kama shahidi: E. Bonareri, mwalimu wa darasa. Nimeiandika vizuri, kwa mkono wangu wa cheti.

Jumatano, 14 Juni

Chumba cha walimu. Bosire: "Ati umetia sahihi chini ya karatasi isiyo na kitu juu?"

Nikamwambia kuna walimu wanaofanya kazi na kuna walimu wanaokunywa chai. Alikunywa chai yake.

Ijumaa, 16 Juni

Mezani: kumi. Masomo ya jioni yameanza. Hedimasta alituletea taa ya karabai kwa ajili ya siku za mawingu mazito.

Ijumaa, 23 Juni

Mezani: tisa.

Jumanne, 27 Juni

Leo Chemutai alishika kipande cha chaki, akakivunja vipande vitatu, akavunja kingine vipande vinne, akavitazama. Kisha akasema polepole, "Kumbe vyote vinaweza kuwa kumi na viwili." Akaandika. Akapata. Akafanya nyingine, akapata. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Ijumaa, 30 Juni

Mezani: wanane.

Jumatatu, 3 Julai

Jana mvua ya mawe. Tulikuwa kanisani, ikapiga robo saa, na tulipotoka michai ilikuwa imebaki vijiti. Majani yote yamelala chini kama yamekatwakatwa na kisu. Banda la majani limefungwa juma zima. Akina mama wamekaa vibarazani mikono mapajani, hawajui wafanye nini na mikono hiyo.

Darasani kioo kimoja kimevunjika. Tumefunika kwa ubao.

Ijumaa, 7 Julai

Mezani: sita. Chemutai ametoka! Alimfundisha Kimutai robo na theluthi kwa viazi, nami nimesimama nyuma yao. Kimutai alipopata, alimpa mkono kama mzee wa baraza. Mtoto akarudi kwenye dawati lake, akachukua kadi ya kazi namba moja, akaipangusa kwa mkono wa sweta kabla ya kuisoma.

Ijumaa, 14 Julai

Mezani: wanne. Kutoka kumi na wanne! Nimemwandikia Hedimasta kwa wino mwekundu chini ya ukurasa: "Wanne tu, Mwalimu." Leo hakurudisha daftari. Alisema ana kazi nalo.

Jumatatu, 17 Julai

Nitaandika yote kama yalivyotokea. Nisipoyaandika leo, kesho nitaanza kuyalainisha.

Paredi ya asubuhi. Bendera imepandishwa, tumeomba. Hedimasta akatoa karatasi mfukoni akasema fomu za watahiniwa wa mtihani wa Novemba zimekwenda mjini Ijumaa. Akasema shule yetu imeamua kufanya kazi kwa mpango. Akanisifu mimi kwa jina, mbele ya shule nzima, kwa mpango wa meza. Kisha akasema, "Hawa wafuatao, kwa ombi la wazazi wao wenyewe, watarudia darasa la sita ili wajiandae vizuri," na akasoma majina kumi na moja.

Sikuelewa. Nilidhani amekosea karatasi. La pili lilikuwa la Kimutai. La sita lilikuwa la Chemutai. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea zaburi.

Wale watoto hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi. Kumi na mmoja, wote kwa mara moja, kama wanavyonitazama mezani wakingoja niseme ni sawa au si sawa. Na mimi nilisimama pale kwenye mstari wa walimu na mikono nyuma.

Nilimfuata ofisini. Sikubisha hodi.

"Mwalimu, kuna makosa."

"Hakuna makosa, Elmina. Kaa."

"Hao saba wametoka mezani. Nimekuandikia. Chemutai anafanya sehemu kuliko nusu ya darasa."

"Juni hakuwa anafanya."

"Sasa ni Julai!"

Akafungua mtoto wa meza akanipa karatasi. Ilikuwa ile ile. Majina kumi na moja, vidole kumi na kimoja vya wino wa bandani, na chini yake mwandiko wangu mzuri wa cheti. Lakini juu, pale palipokuwa peupe, sasa palikuwa na kichwa cha taipu: SISI WAZAZI TUNAOMBA WATOTO WETU WALIOTAJWA HAPA WARUDIE DARASA LA SITA. Tarehe 13 Juni. Shahidi: E. Bonareri.

Nilisoma mara tatu. Utepe ulikuwa mpya. Herufi zilikuwa nyeusi sana.

"Ulisema ni masomo ya jioni," nikasema.

"Na masomo ya jioni wamepata. Nimekunyima?" Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Sikiliza. Thelathini na wawili wakiingia mtihani, ishirini watapita. Hiyo ni zaidi ya nusu. Arobaini na watatu wakiingia, utaniambia hao ishirini ni nusu ya nini? Wewe umekulia hapa, unajua chai. Ukichanganya majani mazee, kiwanda kinarudisha gunia zima."

"Ile meza niliichukua ili asitupwe mtu."

"Hajatupwa mtu. Nimewapa mwaka mmoja zaidi wa kusoma. Ni dhambi kumpa mtoto mwaka?"

"Chemutai hana mwaka. Mjomba wake amesema—"

"Wajomba husema mengi."

Nikamuuliza swali moja, na sioni haya kuliandika. Nikamuuliza, "Mwaka ule wa kopo la maharagwe, ungenisoma mimi paredini?"

Akasema, "Wakati ule hakukuwa na asilimia." Kisha akaniambia nirudi darasani, watoto wananingoja.

Nilimpenda mtu huyu kama baba. Hapana, baba yangu alininunulia kikapu, huyu alinipa kitabu. Na ametumia jina langu kama mtu anavyotumia kitambaa kushika sufuria ya moto. Angetumia mikono yake mwenyewe ningemwelewa zaidi.

Jumanne, 18 Julai

Darasa lina madawati kumi na moja matupu. Mezani hakuna mtu. Hedimasta anasema ni wale wanne tu waliobaki mezani walioharibu hesabu yangu, wameondoka, na sasa sina tatizo.

Jumatano, 19 Julai

Niliomba ruhusa ya kwenda kliniki, nikaenda mjini kwenye ofisi ya elimu. Afisa alinisikiliza kwa adabu. Akafungua faili, akatoa nakala. "Mwalimu, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hivi vidole ni vya wazazi?"

"Ni vyao. Lakini juu hakukuwa na maneno."

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Ulishuhudia nini basi, kama hakukuwa na maneno?"

Akaniambia orodha imefungwa tangu Ijumaa, na akanishauri, kwa wema kabisa, nisiende kokote kueleza habari ya kutia sahihi karatasi tupu, kwa sababu atakayefutwa kazi ni mimi.

Nilirudi kwa miguu kutoka barabara kuu, mvua imenilowesha mpaka ndani.

Alhamisi, 20 Julai

Nilichukua shoka la mpishi niipasue ile meza. Bosire akanikuta.

"Usipasue. Niletee mimi."

"Uimbie juu yake?"

Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa meza, akaweka kikombe chini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Unajua kwa nini nafundisha la sita?"

Nikasema nadhani ni kwa sababu la saba lina kazi.

"Mwaka juzi nilikuwa na la saba. Karatasi ile ile, Bonareri. Nyeupe juu. Hedimasta akaniambia utepe umekwisha. Nikamwambia nitachukua vidole utepe ukifika." Akacheka kidogo. "Kwa hivyo nilipeleka watoto wote mtihani, wakapita saba tu, naye akanishusha. Tangu hapo mimi ni mvivu. Si kwamba si mvivu. Lakini kabla ya hapo hakuna aliyesema."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza pale kwenye chai. Ukanijibu."

Kweli nilimjibu. Niliona haya hata masikio yakawaka moto. Tuliibeba meza sisi wawili mpaka darasa la sita, na watoto wake wakaacha kuimba wakatufungulia mlango.

Ijumaa, 21 Julai

Rebeccah alikuja shuleni. Hakupiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisimama mlangoni mwa darasa langu.

"Wanasema mimi niliomba."

Nikamweleza yote, tangu utepe wa taipureta. Nilimwambia sikujua. Nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Wewe unajua. Niliweka kidole kwa sababu ni wewe umeshika karatasi."

Akaondoka.

Jumatatu, 24 Julai

Bosire anafundisha mezani. Maharagwe yangu, vijiti vyangu, kadi zangu. Saa tano nikiwa na kipindi cha bure naenda kumsaidia. Chemutai hanitazami usoni, lakini akikosa anasogeza daftari upande wangu.

Alhamisi, 27 Julai

Mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Bosire akawapa wale kumi na mmoja karatasi ile ile, saa ile ile, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ijumaa, 28 Julai

Tumesahihisha pamoja, tukabadilishana karatasi ili asiwepo wa kupendelea. Kimutai ni wa ishirini na nne. Kati ya kumi na mmoja, wanane wamepita. Chemutai ni wa tatu kati ya arobaini na watatu.

Nilikimbia ofisini, mimi mwanamke mzima, nikaiweka karatasi yake mbele ya Hedimasta. Nilifikiri, Mungu anisamehe upumbavu wangu, nilifikiri akiona atasimama, avae koti, tupande gari pamoja mpaka mjini.

Aliisoma yote. Alipofika mwisho alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, lile la kopo la maharagwe.

"Unaona?" akasema. "Sasa mwakani atatuletea maksi nzuri sana."

Kisha akaniambia walimu wakuu watano wanakuja muhula ujao kuutazama mpango wetu, na angependa niuandike kurasa mbili tatu. Kichwa ataweka yeye.

Nimemwambia siandiki. Ni neno dogo na nimelisema nimechelewa, lakini nimelisema.

Jumatatu, 31 Julai

Chemutai hakuja.

Jumanne, 1 Agosti

Hakuja. Bosire alimtuma Kimutai nyumbani kwao. Mjomba alikuja Jumamosi kutoka Mulot, akaambiwa mtoto amerudishwa la sita, akasema yeye alilipa la saba, la sita halipi.

Jumatano, 2 Agosti

Mvua saa nane.

Ijumaa, 4 Agosti

Shule imefungwa leo. Ripoti lazima zipate kidole cha mzazi, na ni siku ya majani, kwa hivyo mimi na Bosire tulishuka bandani. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ripoti ya Chemutai nilitaka kuipeleka kwa mikono yangu.

Foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye daraja. Chai imechipua tena baada ya mawe, na majani ni mengi. Lakini si wingi wa majani uliochelewesha watu. Gekara aliponiona akanung'unika mbele ya wote: "Mwalimu, umeniharibia kazi. Sasa kila mama anataka nimsomee maneno ya juu kitabuni kabla ya kidole. Juu pameandikwa jina la banda na tarehe! Nimesoma jina la banda mara sitini tangu asubuhi."

"Soma," akasema mama aliyekuwa mbele. "Bado mimi."

Gekara akasoma. Mama akaweka kidole.

Rebeccah alipotufikia, nilitoa ripoti ya Chemutai. Nilikuwa nimefikiria maneno njia nzima. "Mama Chemutai, hii ni ya kufurahia," nikasema, na nikafungua kinywa nimsomee.

Akainua mkono. Ulikuwa mweusi kwa utomvu mpaka kwenye viungo.

"Si wewe," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekataa chai ya pili. Akageuka. "Mwalimu Bosire, kuja unisomee."

Bosire alinitazama. Nikampa ripoti. Akamsomea yote, tangu jina la shule, tarehe, darasa, mpaka mwisho: nafasi ya tatu kati ya watoto arobaini na watatu.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Chini ni sahihi ya nani?"

"Ni yangu. Siku hizi mimi ndiye mwalimu wake."

Rebeccah akapangusa kidole gumba kwa leso, akakiweka kwenye wino, akakibonyeza pale alipoonyeshwa, na akangoja kikauke kabla ya kukunja. Mimi aliniambia "kongoi, Mwalimu," ile asante unayompa mtu aliyekupisha njiani.

Nyuma yake alikuwa Chemutai. Sikumtambua kwanza kwa sababu ya kikapu. Aliyamwaga majani yake kwenye meza mpya, akayatandaza kwa viganja viwili, akarudi nyuma hatua moja. Gekara alipekua upande huu na upande huu, akapekua tena katikati. Hakupata la kutupa. Akaandika kilo zake, akageuza kitabu, akamsukumia wino.

Chemutai akakivuta kitabu karibu, akasoma juu mwenyewe, kimya kimya. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi.